Faragha na Binafsi: Historia ya Mpaka Uliofutika



Nadhani wenyeji wangu walitarajia kwamba ningezungumzia ngeli au irabu, mambo ambayo yamenipatia riziki kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimechagua badala yake maneno mawili, faragha na binafsi, ambayo leo hutumiwa kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Nakusudia kuonyesha kwamba hayakuzaliwa pamoja, kwamba yalikutanishwa na historia ya karne iliyopita, na kwamba kukutanishwa huko kumetuachia pengo ambalo mimi mwenyewe nimeshiriki kulichimba. Nianze na hilo la mwisho.

Mwaka 1986, nikiwa mtafiti mchanga, nilikwenda katika kijiji kimoja cha pwani, kusini mwa Pangani, kukusanya msamiati wa unyago. Nilibeba kinasasauti kizito, kanda kumi na mbili, na dodoso lililopigwa chapa kwa mashine. Dodoso hilo lilianza kama madodoso yetu mengi yanavyoanza hadi leo: Sehemu A, Taarifa Binafsi za Mhojiwa. Bibi mmoja, kungwi mashuhuri wa eneo lile, alinikaribisha barazani kwake. Baada ya shikamoo na marahaba nikamsomea maswali. Alinitajia jina lake na la baba yake, mwaka aliodhani amezaliwa, waume aliowahi kuolewa nao, watoto aliowazaa na aliowazika. Yote aliyasema kwa sauti ya kawaida huku wapita njia wakimsalimu, na mmoja wao akamsahihisha mwaka wa talaka ya pili. Nilipomaliza akaniuliza: "Haya ndiyo mambo yangu binafsi, mwanangu? Haya hata mbuzi wa hapa wanayajua."

Tulipofika Sehemu C, iliyohusu mafunzo ya mwari, alinyamaza. Akainuka, akaniingiza ndani, akawafukuza watoto waliokuwa wakichungulia, akateremsha pazia, kisha akatuma aitwe jirani yake aje aketi naye. Nilimwuliza kwa nini anahitaji mtu wa pili. Alijibu kwamba jambo lile si lake peke yake, hivyo hawezi kulitoa akiwa peke yake. Nilirekodi dakika arobaini. Jioni alitia dole gumba kwenye karatasi yangu ya ridhaa. Jirani yake sikumwomba chochote, sikuona sababu.

Katika siku ile moja bibi yule alinifundisha jambo ambalo ilinichukua miaka mingi kulielewa. Neno binafsi hujibu swali: jambo hili ni la nani? Neno faragha hujibu swali jingine kabisa: jambo hili hufanyika mbele ya nani? Talaka yake ilikuwa yake, na ilikuwa hadharani. Mafunzo ya unyago hayakuwa yake, wala ya mwanamke yeyote mmoja, lakini yalikuwa ya faragha kuliko yote aliyonieleza.

Lugha za Ulaya zilirithi kutoka Kilatini jozi inayofanana na hii bila kulingana nayo. Privatus alikuwa mtu asiye na wadhifa wa dola, na neno lenyewe linatokana na kitenzi chenye maana ya kunyang'anya au kuondolea. Persona ilikuwa barakoa ya mwigizaji, kisha ikawa nafsi anayoichukua mtu mbele ya sheria. Msingi wa tofauti yao, basi, ni uhusiano wa mtu na dola. Naomba tuliweke hilo akilini, kwa kuwa litaturudia tutakapofika mwaka 1967.

Tuje kwenye faragha. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake, f-r-gh, ni wa utupu: chombo kisicho na kitu, mtu asiye na shughuli. Kwa Waarabu wenyewe lilielekea upande wa wasaa na mapumziko, na leo, wanapotaka kutaja hiki tunachokiita haki ya faragha, hutumia neno jingine lenye mzizi wa umahususi. Ni watu wa pwani yetu waliouchukua utupu ule na kuuelekeza kwenye mahali: faragha ni mahali palipotupu kwa maana ya kwamba wasiohusika hawapo. Angalieni kwamba utupu huu si upweke. Watu wawili huenda faragha; wazee saba hukaa faragha; arusi nzima ya wanawake yaweza kuwa faragha. Anayetakiwa asiwepo ni yule asiyehusika, basi.

Fikra hiyo haikuingia na neno. Ilikuwapo katika maneno yetu ya Kibantu, na bado ipo: kumwita mtu kando, kuzungumza pembeni, mambo ya ndani, unyumba. Njama nayo, kabla ya kuharibikiwa na siasa, ilikuwa mashauri ya watu waliojitenga tu. Kiswahili kiliendelea kukopa kila kilipoona haja, na vijana wetu wa leo wanaomvuta mtu chemba wanafanya lile lile walilofanya babu zao kwa neno la Kiarabu.

Fikra hiyo pia ilijengwa kwa mawe na chokaa. Nyumba za kale za Lamu, zile za karne ya 18, zilimpokea mgeni kwa ngazi. Kwanza daka, penye viti vya mawe, ambapo hata mpita njia angeweza kuketi. Kisha tekani, kiingilio kilichopindishwa ili mlango ukiwa wazi jicho la mtaani lisifike uani. Kisha kiwanda, halafu misana, halafu ndani kwenyewe. Mtu hakuwa ama nje ama ndani; alikuwa amefika mahali fulani, kwa kadiri ya udugu, jinsia na umri wake. Nyumba ya udongo na makuti haikuwa na tekani, lakini ilikuwa na hodi. Sijui lugha nyingi zilizoweza kujenga ukuta kwa neno moja la silabi mbili. Anayepiga hodi asipoitikiwa hurudi zake, hata kama anasikia watu wanacheka ndani.

Tena faragha ina saa zake. Waislamu wa pwani waliifahamu kutoka Sura ya 24 ya Kurani, ambayo katika aya ya 58 inataka watumwa na watoto wadogo waombe ruhusa ya kuingia katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya sala ya isha. Chumba ni kile kile, wenyewe ni wale wale. Kilichobadilika ni saa. Katika fikra ya binafsi jambo kama hili halina nafasi, maana kilicho changu alfajiri ni changu hadi jioni.

Hapa kuna kosa ambalo wanafunzi wangu hulifanya kila mwaka, nalo ni kuifanya faragha kuwa kisawe cha siri. Siri huvunjika inapojulikana. Faragha haihitaji kutojulikana hata kidogo. Yanayopita kati ya mume na mke chumbani hayana siri yoyote kwa mtu mzima, watoto ni ushahidi wake, na bado ni faragha. Akiyatangaza mmoja wao, hatusemi kwamba ametoa siri tu, twasema amejivua nguo. Neno letu la sitara linaeleza hali hiyo vizuri zaidi. Nguo husitiri mwili ambao kila mtu anajua kwamba upo.

Wala jambo la faragha si la kufichwa kwa kila mtu. Methali zetu mbili, mficha maradhi kifo humuumbua na mficha uchi hazai, zinamtaka mtu afungue kile alichokifunika, ila amfungulie tabibu, mkunga, mwenza. Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba Mwafrika wa kale hakujua faragha kwa sababu aliishi kijamaa. Hoja hiyo imesemwa sana, na hata Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, hauna ibara ya haki hii, ingawa Tamko la Ulimwengu la mwaka 1948 lilikuwa nayo katika ibara ya 12. Watu wenye maneno hodi, sitara, unyumba, kando na faragha hawawezi kuwa watu wasiojua faragha. Walichokosa, kama walikosa, ni fikra kwamba faragha ni mali ya mtu mmoja.

Fikra hiyo ililetwa na historia ya neno la pili.

Binafsi nalo ni la Kiarabu, bi na nafsi, yaani kwa nafsi. Katika umbo lake la kwanza lilikuwa neno la kukazia: mimi binafsi nilimwona, yeye binafsi alikuja. Halikuwa na ukuta wala mlango. Mtu aliyekuja yeye binafsi alikuja mbele ya watu wote, na shabaha ya kusema hivyo ni kwamba hakutuma mjumbe. Kutoka hapo si mbali kufika kwenye umiliki: shamba binafsi, gari binafsi, maoni binafsi. Hadi hatua hiyo kinyume cha binafsi kilikuwa ama wengine ama pamoja, na neno lilikuwa halijagusa eneo la faragha.

Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na siku iliyofuata benki zikataifishwa. Kwa mwanaisimu, matukio hayo yalikuwa pia mgawanyo mpya wa msamiati. Neno umma, ambalo kabla yake lilikuwa la watu wote kwa ujumla na la umma wa waumini, likawa mmiliki: mali ya umma, mashirika ya umma. Binafsi ikapewa mpinzani mpya. Kuanzia hapo kilicho binafsi ni kile kisicho cha dola, na katika fikra kisicho cha umma kilikaribia kuwa kilichonyang'anywa umma. Ndiyo sababu ubinafsi, neno ambalo lingeweza kumaanisha tu hali ya kuwa mtu, likawa tusi. Bila kukusudia, wanasiasa wetu walikuwa wametengeneza upya privatus wa Warumi kwa malighafi ya Kiarabu. Nasema haya bila kebehi. Nilisoma bure katika shule ya umma.

Katika miaka ya 1990 mashirika yale yale yalipoanza kuuzwa, lilihitajika jina la tendo hilo, na likapatikana ubinafsishaji. Nakumbuka mijadala ya wakati ule juu ya istilahi hii. Wengine tuliona kwamba mtu hawezi kuupenda ubinafsishaji wakati shule ilimfundisha kuuchukia ubinafsi, kwa kuwa sikio halitenganishi mzizi na mzizi wake. Kenya ilipata nafuu kidogo kwa kuongeza kiambishi: shule ya kibinafsi, mtu wa kibinafsi. Hata hivyo kiambishi ki- hakikurudisha ule mpaka ninaouzungumzia, kilipunguza ukali tu.

Hatua iliyotukia kati ya matukio hayo mawili ndiyo yenye uzito kwetu. Mwaka 1984 Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ilifanyiwa marekebisho na kuingizwa haki za msingi. Ibara ya 16 ina kichwa kinachotaja haki ya faragha. Ukiisoma ibara ndogo ya kwanza, lakini, faragha haimo; hutajwa tena katika ibara ndogo ya pili tu, inayohusu namna haki hiyo inavyoweza kuingiliwa. Kinachohifadhiwa katika ile ya kwanza ni nafsi ya mtu, maisha yake binafsi, familia yake, unyumba wake, maskani yake na mawasiliano yake binafsi. Waandishi wake walifanya kazi nzuri. Unyumba na maskani ni maneno yenye mizizi, na hakuna tafsiri ya kikasuku ambayo ingeyapata. Lakini neno la kichwani na neno la ibara ndogo ya kwanza si neno moja, na kwa miongo minne sasa tumesoma kana kwamba ni moja. Faragha imebaki kuwa kibao cha mlangoni, ilhali chumba cha kwanza kimekaliwa na binafsi.

Yaliyofuata ni mwendelezo. Kenya iliweka haki hiyo katika ibara ya 31 ya Katiba yake ya mwaka 2010, na mwaka 2019 ikatunga sheria ya kulinda data. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ikaundwa Tume ya kuisimamia. Sheria hizi zinahitajika mno. Namba ya simu, alama za vidole, cheti cha daktari, vyote sasa vinasafiri bila miguu, na mwananchi asiye na sheria hana pa kulalamikia. Shabaha yake ni taarifa inayomtambulisha mtu. Taarifa isiyomtambulisha mtu haimo katika shabaha hiyo, na hilo ni sawa kabisa, kwa sheria ya taarifa binafsi.

Nirudi kwenye kanda yangu.

Miaka michache iliyopita chuo kimoja, ambacho huhifadhi kanda zangu za zamani, kilianza kuzigeuza ziwe za kidijitali ili ziwekwe kwenye intaneti kwa manufaa ya watafiti. Nililetewa orodha niipitie. Kila kanda ilikuwa na fomu, na ndani ya fomu mna swali: je, kanda hii ina taarifa binafsi? Kwa kanda ya Pangani kijana aliyeishughulikia alikuwa ameandika Hapana, naye hakukosea. Kwa uangalifu mkubwa alikuwa ameondoa jina la bibi, jina la kijiji, na mahali ambapo jirani anamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kilichobaki ni sauti mbili za wanawake zikimfundisha mwari namna ya kuishi na mwili wake na mume wake, pamoja na vicheko na kibao cha ngoma. Hakuna mtu pale ndani. Kwa mujibu wa fomu, kanda ilikuwa wazi kwa ulimwengu.

Nilikaa na karatasi ile muda mrefu. Kila kilichoondolewa ni kile ambacho mbuzi wa kijiji walikijua. Kila kilichoachwa ni kile alichokiteremshia pazia.

Mtu anaweza kunijibu kwamba unyago umekwisha kupanda jukwaani. Ni kweli, Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyefariki mwezi Aprili 2013, alipiga msondo mbele ya hadhira za nchi nyingi. Lakini yeye alikuwa somo, alijua anachokitoa na anachokibakiza, na alikitoa kwa mikono yake. Mimi niliye na kanda sikuwahi kupewa mamlaka hayo. Nilipewa dole gumba la mtu mmoja juu ya kitu ambacho mwenyewe alisema si cha mtu mmoja.

Mwaka jana nilirudi kijijini. Bibi alikwisha tangulia mbele ya haki zamani. Jirani yake, aliyekuwa mama kijana siku ile, sasa ndiye kungwi, na anatembea kwa mkongojo. Nilimvalisha spika za masikioni, akaisikia sauti ya mwenzake baada ya miaka karibu arobaini. Alicheka, akalia, akacheka tena. Nilipomwomba ridhaa akaniambia nisubiri, akawatuma watoto wakawaite wanawake wengine wawili. Nilikuwa nimelitarajia. Walijifungia ndani, na mimi nikaachwa barazani, nami nilistahili kuachwa.

Jibu lao lilikuwa fupi. Mwanamke aliyechezwa anaweza kuisikiliza, akija mwenyewe, akae chumbani mlango umefungwa. Isipelekwe kwa asiyekuja. Na isifutwe, kwa sababu kuna wimbo mmoja ndani yake ambao wao wenyewe wamekwisha kuusahau, na wanataka waje kuuchukua.

Fomu ya chuo haina kisanduku cha jibu kama hilo. Ina cha Wazi, ina cha Binafsi. Nimeandika neno faragha kwa kalamu pembeni, na chini yake masharti ya akina mama kama walivyoyatamka, kisha nikatia sahihi na tarehe. Yule kijana aliipokea karatasi, akaisoma, halafu akaniuliza kwa aibu afanyeje, kwa kuwa yeye ni mwanamume na alipokuwa akiondoa majina alilazimika kuisikiliza yote, mwanzo hadi mwisho. Sikuwa na jibu la kumpa. Ameniomba niende naye Pangani safari ijayo, akapige hodi.